Kujenga na Kutunza Njia ya Changarawe ya Kuingilia Nyumbani, Mtwara na Lindi

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na miaka mingine huvuta hadi Mei. Katika miezi hiyo mvua inaweza kupotea kwa siku nyingi, kisha ikashuka yote kwa mchana mmoja, na huo mchana mmoja ndio unaoipima njia ya gari ya mwenye nyumba. Njia iliyomwagiwa kifusi Septemba, ikaonekana ngumu na ya kupendeza, inaweza kufika Februari ikiwa na makorongo mawili yaliyochimbika pale pale magurudumu yanapopita. Mwenye nyumba huagiza tripu nyingine, huimwaga juu ya tope, na msimu unaofuata kifusi hicho kimeshahamia kwenye uwanja wa jirani wa bondeni.

Hasara hii inaweza kuepukwa, na kwa maoni yangu sababu yake kubwa ni mpangilio wa matumizi. Watu wengi huweka fedha yote kwenye kifusi na kuacha mifereji iwe kazi ya baadaye, ilhali kinachobomoa njia ni maji yaliyokosa pa kupita. Hata barabara kuu haikwepi jambo hili: mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika maeneo ya wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, baada ya maji kubomoa makalavati, yaani mapito ya maji chini ya barabara, na kubeba tuta la barabara. Kama lami iliyojengwa kwa mitambo inashindwa pale maji yanapozidi nafasi yaliyopewa, njia ya nyumbani yenye upana wa mita 3 inastahili kufikiriwa kwa makini kabla lori la kwanza halijaitwa.

Kuyasoma maji kabla ya kuchimba

Uchunguzi bora wa njia hufanyika mvua ikiwa inanyesha. Chukua mwavuli, utoke, na utembee kutoka barabarani hadi mlangoni ukiangalia mambo matatu: maji yanaingilia wapi, yanapita wapi kwa kasi kubwa zaidi, na yanaishia wapi. Weka kigingi kila mahali penye jibu. Kama ujenzi unafanyika kiangazi na hukuwahi kuona mvua kwenye kiwanja hicho, alama zitakusaidia: mistari ya mchanga mweupe uliochujwa, majani makavu yaliyojikusanya kwenye shina la mkorosho, mizizi iliyobaki wazi, na ukoko wa tope laini uliopasuka kwenye sehemu za chini. Majirani wa siku nyingi wanajua zaidi ya alama hizo, kwa hiyo waulize.

Sehemu kubwa ya maji yanayoharibu njia hutoka kwenye paa la nyumba yenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mabati lenye mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na nyumba isiyo na gata huzimwaga lita hizo kwa mstari mmoja mbele ya baraza, mara nyingi mahali pale pale gari linapoegeshwa. Kufunga gata na kuyaelekeza maji kwenye tangi kunapunguza mzigo wa njia kuliko tripu yoyote ya kifusi. Wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, wamezoea kwa muda mrefu kuvuna maji ya paa kwa sababu ya uhaba wa maji ya ardhini, na kwa kufanya hivyo wanazikinga nyua zao pia. Mahali pasipo na tangi, na penye udongo wa kichanga kama sehemu kubwa ya mji wa Mtwara, shimo la kunyonyea maji linaweza kufaa. Shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 1.5 na kujazwa mawe makubwa, hubakiza nafasi ya takriban lita 600 kati ya mawe, na mchanga unaolizunguka huyanywa maji hayo haraka. Lichimbwe mbali na msingi wa nyumba. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo la namna hiyo hujaa siku ya kwanza na kubaki limejaa, hivyo usipoteze nguvu.

Baada ya kujua maji yanavyokwenda, chagua mkondo wa njia. Katika miinuko inayouzunguka mji wa Lindi, na kwenye kingo za uwanda wa Makonde, tamaa ya kwanza ni kupandisha njia moja kwa moja kutoka barabarani hadi nyumbani kwa kuwa ndiyo fupi. Njia ya namna hiyo hugeuka kijito. Maji yanayoteremka nayo huongeza kasi kadiri yanavyoshuka, na kasi ikiongezeka mara mbili nguvu ya kusukuma mawe huongezeka kwa kiasi kikubwa mno kuliko mara mbili hizo. Ni afadhali kuilaza njia iukate mlima kwa mshazari, hata kama urefu utaongezeka na kifusi kitagharimu zaidi. Mahali ambapo mteremko unapita sentimita 10 kwa kila mita na hakuna nafasi ya kuulaza, changarawe peke yake haitakaa. Panga mawe yaliyosimamishwa na kujazwa saruji, au mwaga mikanda miwili ya zege chini ya magurudumu kwenye kipande hicho tu, na sehemu nyingine zibaki za changarawe.

Kabla ya kuamua maji yatamwagwa wapi, zungumza na jirani wa upande wa chini na, ikibidi, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mfereji unaokusaidia wewe kwa kumbomolea mwingine ukuta utakuletea kesi. Mara nyingi majirani wawili au watatu wakishirikiana mfereji mmoja hadi kwenye korongo la asili, kila mmoja hutumia fedha kidogo kuliko akijitegemea.

Udongo ulio chini yako

Njia hujengwa kulingana na udongo wa mahali, na ndani ya mikoa hii miwili udongo hubadilika sana. Pwani, kuanzia mji wa Mtwara na kupita Mikindani, mchanga umelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Maji hupenya upesi, jambo ambalo ni neema, lakini mchanga mkavu hukimbia chini ya gurudumu na gari hukwama kiangazi hata zaidi ya masika. Juu ya uwanda wa Makonde kuna udongo mwekundu wenye mchanga mwingi na kina kirefu, ambao ukishindiliwa ukiwa na unyevu huwa imara sana, lakini maji yakipata njia ndani yake huuchimba kuwa korongo kwa msimu mmoja. Mabondeni hupatikana udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Huo ndio mgumu kuliko yote.

Kuutambua udongo hakuhitaji maabara. Jaza theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo uliochimbwa chini ya tabaka la juu, ongeza maji karibu ijae, tikisa kwa nguvu kisha iache pahali patulivu. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, udongo laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huendelea kuyachafua maji hadi siku inayofuata. Unene wa kila tabaka kwenye chupa unakuonyesha uwiano wake. Chukua pia udongo wenye unyevu kidogo na ujaribu kuuviringisha kuwa kamba nyembamba kama penseli: ukikatika kabla ya kushikana ni wa kichanga, ukiviringika vizuri na kupindika bila kuvunjika una mfinyanzi mwingi.

Kwenye mchanga wa pwani, lengo ni kuupa kitu cha kuushika. Moramu, yaani changarawe ya asili iliyochanganyika na udongo, yenye mfinyanzi kiasi, ikichanganywa na sentimita 10 za juu za mchanga hutengeneza kitako kinachobeba gari. Udongo wa kichuguu hufanya kazi hiyo pia, kwa sababu mchwa huleta juu chembe laini zinazogandamana vizuri; anza na sehemu moja ya udongo wa kichuguu kwa sehemu tatu za mchanga, ujaribu kwenye kipande cha mita 2, ukimwagilie na kukishindilia, kisha ukiangalie baada ya kukauka. Kikimeguka kwa kidole, ongeza udongo wa kichuguu. Kikipasuka, ongeza mchanga. Pembezoni mwa njia uzike mawe kwa mstari, nusu yake yakiwa ardhini, ili kifusi kisitawanyike kwenda mchangani.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi usichimbe handaki refu ukidhani unatafuta msingi. Handaki hilo hukusanya maji chini ya njia, udongo huvimba, na njia hupanda na kushuka. Ondoa majani na mizizi tu, kisha inua njia juu ya usawa wa ardhi kwa kifusi cha angalau sentimita 30 kilichoshindiliwa kwa tabaka, na mifereji ikae umbali wa mita 1 au zaidi kutoka ukingoni. Kama unaweza kupata kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo na kifusi kinachotumika kwenye ujenzi wa barabara, hapa ndipo kinapostahili gharama yake, kwa kuwa huzuia mawe kuzama kwenye tope. Magunia ya korosho yaliyochakaa hayachukui nafasi ya kitambaa hicho. Huoza upesi yakiwa ardhini. Karatasi la nailoni nalo halifai, kwa sababu haliruhusu maji kupita na kifusi huteleza juu yake.

Vipimo na vigingi

Upana wa mita 3 unatosha gari dogo na kenta. Ukitarajia lori la kuleta tofali au kuchukua korosho, weka mita 3.5, na kwenye kona ongeza mita 1 upande wa ndani. Piga vigingi pande zote mbili kila baada ya mita 5, ufunge kamba, kisha tumia mpira wa maji ambao mafundi wa nyumba wanautumia kusawazisha misingi. Kwa njia ya mita 30, mteremko wa asilimia 2 kutoka nyumbani kwenda barabarani maana yake ni tofauti ya sentimita 60 kati ya kigingi cha kwanza na cha mwisho. Njia iliyo tambarare kabisa haifai, kwa sababu maji hutuama. Ni vyema kila sehemu iwe na mteremko fulani hata kama ni mdogo.

Muhimu kuliko mteremko wa urefu ni mgongo wa njia. Katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 5 katika kila mita, kwa hiyo njia ya mita 3 inapungua sentimita 7.5 kutoka katikati hadi kila ukingo. Jicho haliwezi kulipima jambo hili, hasa jua likiwa utosini. Tengeneza kipimo cha ubao: chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1.5, upigilie chini ya ncha moja kipande cha mti chenye kimo cha sentimita 7.5, kisha uweke pima maji juu yake. Ncha isiyo na kipande ikae katikati ya njia, na ile yenye kipande ikae ukingoni. Kipovu cha pima maji kikikaa katikati, mgongo uko sawa. Kikikimbilia upande wa katikati ya njia, mgongo umezidi, na kikikimbilia ukingoni, haujatosha. Kagua kila mita 2 au 3, na usimruhusu fundi akuambie kuwa ameshazoea. Njia inayopita ubavuni mwa mlima inaweza kuwa na mwinamo wa upande mmoja badala ya mgongo, lakini uiname kuelekea kwenye mfereji wa upande wa juu pale ambapo ukingo wa chini ni wa kichanga na unaweza kubomoka.

Mifereji na kalavati

Mfereji wa pembeni ufanyike kabla ya kifusi. Mfereji mpana wenye kingo zilizolala, upana wa sentimita 60 hadi 90 na kina cha sentimita 30 kutoka ukingo wa njia, hudumu zaidi ya mfereji mwembamba wenye kuta zilizosimama, kwa sababu kuta hizo huporomoka na kuuziba. Ukoka ukiachwa uote ndani yake hushika udongo vizuri. Kazi yako ni kuufyeka uwe mfupi, na kuung'oa ni kuyapa maji nafasi ya kuchimba. Kwenye kingo zilizochongwa mlimani, panda mstari wa majani ya vetiva mwanzoni mwa mvua, mashina yakikaribiana kwa sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima na kushikilia udongo bila kusambaa kwenye shamba.

Mfereji mrefu kwenye mteremko hukusanya maji mengi mno, hivyo uupunguzie mzigo kwa vijifereji vya kutolea maji vinavyoelekea shambani au kwenye majani mazito, kila kimoja kikitoka kwa mshazari. Juu ya njia yenyewe, mahali penye mteremko mkali, jenga matuta mapana ya kugeuza maji, yaliyopindishwa kidogo ili maji yasisimame bali yatelezee pembeni. Kimo cha sentimita 10 hadi 15 kikisambazwa kwenye urefu wa mita 2 au 3 gari hupita bila kugonga chini. Mteremko ukizidi kuwa mkali, matuta yakaribiane. Mahali maji yanapotokea weka mawe yaliyopangwa kwa kubanana, kwani pasipo mawe pale huanza shimo, na shimo hilo hurudi nyuma kidogo kidogo hadi kuila njia.

Penye mfereji wa barabara ya umma mbele ya kiwanja, usifukie ili upate pa kupita. Kufukia kunayarudisha maji barabarani na kwa majirani, na mvua ya kwanza kubwa huyaleta ndani ya uwanja wako. Omba kibali kwa wakala wa barabara wa serikali, TARURA kwa barabara za mitaa na vijijini, au TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, kisha uweke kalavati. Bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 60 ndilo ninalolipendekeza. Lenye 45 linafaa pale maji ni machache. Mabomba membamba zaidi huziba kwa majani na huwezi kuyasafisha kwa koleo. Lilaze kwa mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, juu ya kitanda cha changarawe kilichoshindiliwa, ulifunike kwa udongo usiopungua sentimita 30, au zaidi kama malori yatapita, na ujenge ukuta mdogo wa mawe kwenye midomo yote miwili. Mapipa ya mafuta yaliyotobolewa huoza kwa kutu, upesi zaidi karibu na bahari, na yanapoporomoka huchukua njia pamoja nayo. Kama mfereji ni mpana na una kina kidogo, kivuko cha mawe na zege kilichobonyea, ambacho maji hupita juu yake, ni rahisi kuliko bomba na hakizibi.

Kifusi na kushindilia

Majira mazuri ya kazi ni Juni na Julai. Ardhi bado ina unyevu unaosaidia kushindilia, na vibarua wanapatikana kabla ya msimu wa kuvuna korosho kuanza kupamba moto Oktoba. Anayesubiri hadi Novemba anafanya kazi akiitazama mbingu.

Kokotoa kiasi kabla ya kuagiza: urefu mara upana mara unene, kisha ongeza asilimia 30 kwa sababu kifusi hushuka kikishindiliwa. Njia ya mita 30 yenye upana wa mita 3 na tabaka la chini la sentimita 15 inahitaji mita za ujazo 13.5, na ukiongeza asilimia 30 unapata takriban 17.6. Pima bodi la lori mwenyewe kwa futi kamba. Bodi la mita 4 kwa mita 2 lililojazwa kimo cha sentimita 60 lina mita za ujazo 4.8, kwa hiyo tripu 4 zinatosha. Tabaka la juu la sentimita 10 kwa njia hiyo hiyo linahitaji takriban mita za ujazo 11.7, yaani tripu 3. Bei isijadiliwe kwa tripu pekee bila kukubaliana kimo cha mzigo.

Tabaka la chini liwe la mawe yaliyovunjwa au moramu yenye mawe makubwa. Maeneo ya Masasi yana mwamba mgumu na kokoto nzuri za kuvunjwa. Pwani, mawe ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu hufaa kwa tabaka la chini, kwani ni laini na hushindilika vizuri, lakini yakiwekwa juu husagika kuwa unga. Usichukue mchanga wala mawe ufukweni. Fukwe zinapopunguzwa bahari husogea, na eneo la Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Mto Ruvuma limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Tabaka la juu ndilo linalowapoteza wengi. Kokoto tupu za saizi moja zinapendeza machoni, lakini hutembea chini ya gurudumu kama punje za mahindi. Kokoto za mtoni zilizolainika ni mbaya zaidi. Kinachotakiwa ni mchanganyiko: mawe yenye kona yasiyozidi milimita 20 kwa ukubwa, yakiwa na changarawe ndogo, mchanga, na chembe laini za kuyafunga, iwe ni mfinyanzi kidogo wa moramu au vumbi la kokoto. Mfinyanzi ukizidi njia huteleza masika. Ukikosekana, njia hutawanyika kiangazi. Kwenye rundo la moramu machimboni, loanisha kiganja cha mchanganyiko, ufinye, uuache ukauke juani: uwe mgumu kiasi cha kutovunjika kwa vidole viwili, lakini ukiutia tena maji usigeuke uji mara moja.

Kila tabaka lishindiliwe peke yake, na kifusi kinachomwagwa kwa mara moja kisizidi sentimita 15 kikiwa kimelegea kama mnatumia vishindilio vya mkono au mashine ndogo, kwa hiyo tabaka la chini mlimwage na kulishindilia kwa awamu mbili. Siri ya kushindilia ni maji. Chukua moramu mkononi, uifinye kuwa donge, uiangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Ikitawanyika yote kuwa unga, ni kavu mno, imwagilieni. Ikibandika chini kama tope, ina maji kupita kiasi, iacheni ipigwe na jua. Ikipasuka vipande vichache vilivyo imara, anzeni wakati huo huo. Anzieni pembeni kuelekea katikati ili mgongo usibomoke. Lori linaloleta tripu zinazofuata linaweza kuwasaidia: mwombe dereva apite juu ya tabaka lililokwisha, kila mara akihamisha magurudumu kwa upana wa tairi, na arudi nyuma taratibu. Likiacha alama inayozama zaidi ya sentimita 2, mahali hapo bado pamelegea na pafukuliwe kabla ya kuendelea.

Matunzo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu za Novemba hadi Aprili kwa mikoa yetu kabla hazijaanza. Utabiri huo uwe ishara ya kuzibua mifereji na kalavati, kuondoa majani ya mikorosho na miembe, na kufyeka majani ukingoni. Hapo ukingoni pana tatizo ambalo watu hawalioni: mwaka hadi mwaka vumbi na mizizi hujijenga pembezoni mwa njia kuwa kijituta, na maji yaliyotakiwa kutelezea mferejini hukingwa na kurudishwa kwenye alama za magurudumu. Kata kijituta hicho kwa jembe na uvute changarawe yake kurudi katikati kwa reki.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, toka uangalie. Kijito kidogo kinachoanza kukatiza njia kinaweza kugeuzwa kwa jembe ndani ya dakika chache. Wiki 3 baadaye kitahitaji lori. Njia ikiwa imelowa kabisa, zuia magari mazito kwa siku moja au mbili, maana lori moja lililojaa linaweza kuharibu kilichojengwa kwa wiki nzima. Wanaotumia njia kila siku wabadilishe mstari wa magurudumu ili alama mbili za kudumu zisijengeke.

Shimo likitokea, usilijaze kokoto likiwa na maji. Kokoto hizo huzama, na tope hupanda juu. Toa maji, kata kingo za shimo ziwe wima na pembe nne, chimba hadi ufikie udongo mgumu, nyunyiza maji kidogo, kisha ujaze moramu ileile iliyojengea njia kwa tabaka za sentimita 5 hadi 8, ukishindilia kila moja, na umalizie sentimita 1 au 2 juu ya usawa wa njia kwa sababu patashuka. Shimo linalorudi mahali palepale mara kwa mara lina sababu nyingine, kwa kawaida ni mgongo uliokufa au maji yanayochuruzika chini, kwa hiyo tafuta chanzo chake kabla ya kujaza tena. Mawimbi madogo yanayolitetemesha gari kiangazi hutokana na mwendo wa kasi juu ya changarawe kavu iliyolegea. Yachimbue hadi chini ya mabonde yake, ulowanishe, ushindilie upya. Kuyafunika kwa kifusi kipya hakusaidii, yatajitokeza tena.

Mvua zikiisha, Mei au Juni, rudi na ubao wako wa mgongo na ukague kila mita 5. Mahali ambapo tofauti kati ya katikati na ukingo imepungua chini ya sentimita 4, chambua tabaka la juu, ongeza sentimita 3 hadi 5 za moramu, na ushindilie. Kwenye ncha za vijifereji utakuta lundo la changarawe na mchanga uliotoka njiani mwako. Lipakie kwenye toroli na ulirudishe, na kama lundo la upande mmoja ni kubwa kuliko mengine, kagua mteremko wa kipande cha njia kilicho juu yake na uongeze tuta la kugeuza maji hapo kabla ya Novemba.